Ukuta Uliofunikwa Kitenge: Safari Yetu ya Baridi hadi Thamesmead

Kaa karibu, msikilizaji wangu, kwa sababu habari hii nataka kuieleza polepole. Nina hasira nayo mpaka leo, na mtu mwenye hasira akisema haraka haeleweki. Ni habari ya safari niliyofanya na mume wangu majira ya baridi, kwa gari, bila kutoka London. Najua utacheka. Wenzetu husafiri kwenda Makka, Dubai, au nyumbani Unguja. Sisi wazee wawili tulitoka Wembley tukafika Thamesmead, tukarudi. Lakini katika safari zote nilizowahi kufanya, hakuna iliyonitia uchungu kama hiyo, na uchungu wenyewe ulitokana na ukuta mmoja na kifua cha mtoto.

Kwanza sababu ya kuondoka. Mume wangu, Bwana Hamadi, mtu wa Pemba, aliendesha mabasi ya London mpaka akastaafu. Mimi nilikuwa mpishi katika jiko la shule ya watoto wadogo. Tulipostaafu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tukabaki nyumbani kutazamana. Hamadi alikuwa akiamka alfajiri, anaswali, anavaa koti, halafu anakumbuka kwamba hana basi la kuendesha. Mwishowe akanunua kwa jirani gari la kulala, lile lenye kitanda, meza na jiko dogo la gesi ndani yake. Akawa analiosha kila Jumamosi kana kwamba linakwenda harusini, na haliendi popote.

Siku moja katika ukumbi wa jumuiya yetu alikuja mama wa Kiingereza anayeitwa Bi Joan, muuguzi mstaafu. Yeye na wenzake wana shirika la hiari linalotengeneza nyumba za watu wasiojiweza: kupaka rangi, kurekebisha milango, kazi kama hizo. Alituambia kwamba kila ikifika baridi watu wake wa kujitolea hupanda ndege wakaenda Uhispania kuota jua. "Nyumba huugua wakati wa baridi," alisema, "na wakati huo ndipo waganga wangu wanapokimbia." Kabla sijamaliza kuyapima maneno yale, Hamadi alikuwa ameshanyoosha mkono. "Sisi tuna gari. Tutalala humo humo."

Binti yetu, Zuwena, alipiga simu kutuzuia. "Mama, watu wakistaafu wanatafuta joto. Nyinyi mnakwenda kulala kwenye maegesho ya magari, Januari?"

Hamadi akapaza sauti kutoka jikoni: "Mwambie jua tumeliota tangu utotoni, limetosha."

Asubuhi ya kuondoka, Wembley ilikuwa nyeupe kwa theluji kavu na kioo cha mbele cha gari kilikuwa kimeganda. Nilikimwagia maji ya uvuguvugu, nikapakia mchele, tui la kopo, miswala miwili, mablanketi na sufuria yangu kubwa. Hamadi alisema sufuria ile ni ya shughuli, si ya watu wawili. Nikamwambia hajui tutakutana na nani. Namshukuru Mungu sikumsikiliza.

Njiani kuelekea Hounslow, kwenye kazi yetu ya kwanza, aliendesha kama alivyozoea: kila kituo cha basi anapunguza mwendo.

"Bwana, huna abiria," nikamwambia.

"Mguu ndio unaokumbuka, Mama Zuwena, si mimi."

Hounslow tuliegesha nyuma ya ukumbi wa kanisa aliotutafutia Bi Joan. Ndege zilikuwa zinapita chini sana hata vikombe vikitikisika kwenye kabati. Baridi ilikuwa kali, kwa hiyo Hamadi alibandika madirishani foili, ile karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula, ili joto lisitoroke. Asubuhi niliikuta foili ile imelowa chapa, upande wa ndani, upande wetu. Nikapitisha kidole, maji yakachuruzika. Hamadi akasema, "Hayo ndiyo maneno yako ya jana, yamegeuka maji." Alitania, lakini alisema kweli: ni pumzi zetu na mvuke wa chai, umekutana na kitu baridi ukageuka matone. Likumbuke jambo hili dogo, msikilizaji, maana nitalirudia.

Kazi ya Hounslow ilikuwa nyumbani kwa mzee wa Kipunjabi aliyewahi kufanya kazi uwanja wa ndege. Pamoja na Bi Joan tulimpakia rangi chumba cha kulala, naye akatukalia mlangoni akitupa chai ya maziwa na tangawizi, kikombe juu ya kikombe. Tulipomaliza, chumba kilikuwa cheupe pepepe. Mzee akakitazama, akatushukuru kwa adabu, kisha akasema: "Mwaka jana pia kilikuwa cheupe hivi."

Nilimuuliza Bi Joan maana ya maneno yale. Alifunga kopo la rangi bila kunitazama. "Sisi tunapaka, mpenzi wangu. Ukuta ni wa mwenye nyumba." Jibu hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kutoka Hounslow tulishika ile barabara kuu inayoizunguka London, tukaenda upande wa kusini. Malori yalitupita yakiturushia theluji iliyoyeyuka na kuchanganyika na tope. Hamadi alishika usukani kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa naomba dua kimoyomoyo. Tulifika Thamesmead mchana, upepo wa mtoni ukipuliza katikati ya majengo ya zege. Tukaegesha chini ya jengo tuliloelekezwa, jengo la ghorofa tatu lenye njia za kupitia watu nje ya kila ghorofa. Bi Joan alikuwa ameshafika na makopo yake.

Fleti yetu ya kazi ilikuwa ghorofa ya kwanza, ya mama mmoja kutoka Bukavu, Kongo, anayeitwa Mama Furaha. Kazi yake ni kuhudumia wazee katika nyumba ya matunzo. Alitufungulia mlango kwa mikono miwili.

"Karibu mama, karibu baba. Musitoe viatu, chini kuna baridi."

Na kweli kulikuwa na baridi, zaidi ya nje. Madirisha yote yalikuwa wazi, Januari. Nilidhani amesahau. Katika chumba cha mtoto palitundikwa kitenge kizuri sana, cha kijani chenye ndege wa manjano, kimeshuka kutoka darini hadi sakafuni katika pembe ya dirisha, mkono wa kushoto. Nikakisifu. Mama Furaha akacheka kidogo bila furaha.

Bintiye, Furaha, mtoto wa miaka kama tisa, alikuwa ameketi sebuleni na koti mwilini, anakohoa kikohozi cha mtu mzima. Nikamuuliza, "Unaumwa, bibi yangu?" Kiswahili alikielewa sawasawa, lakini alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote wa huku. Alisema hapana, yeye haumwi, anayeumwa ni ukuta.

Hapo mama yake akakiinua kitenge.

Nimepika miaka mingi, nimeona masizi ya kila aina, lakini sijaona weusi kama ule. Ulianza juu darini ukashuka kama mtu amemwaga ndoo ya lami. Plasta ilikuwa imevimba. Harufu yake ilikuwa ya gunia la mchele lililoloa. Ile ilikuwa kuvu, na mtoto alikuwa akilala mita moja kutoka hapo mpaka daktari alipomkataza. Sasa mama na mtoto walikuwa wanabanana kwenye kochi la sebuleni, na tangu baridi ianze walikuwa wamekimbilia hospitali zaidi ya mara moja, mtoto akitafuta pumzi.

"Ofisi ya nyumba wanasemaje?" nikauliza.

"Banasema ni sombe yangu."

Sombe ndicho kisamvu, kwa wasiojua. Wakongo wa mashariki hukichemsha muda mrefu mpaka kilainike vizuri. Afisa wa nyumba alikuja, akaona sufuria iko motoni, akaandika kwamba unyevu unatokana na mapishi.

"Banasema napika mingi, nafua mingi, tunapumua mingi. Sasa mama, nimwambie mutoto asipumue?"

Kilichonichoma zaidi ni kwamba Mama Furaha alitii. Aliambiwa afungue madirisha, akayafungua mpaka mtoto akavaa koti ndani ya nyumba. Aliambiwa apunguze kupika, akawa anamlisha mtoto mkate na maziwa baridi. Mwanamke aliyekuwa akiosha wazee wa watu usiku kucha alikuwa anarudi kwake kuogopa sufuria yake mwenyewe! Mimi nimefanya kazi katika jiko lenye mvuke kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, viazi, kabichi, pudini, na sikuwahi kuona ukuta umevimba kama mkate.

Niliweka brashi chini. "Bi Joan, ukuta huu mimi siupaki."

"Ukiwa mweupe angalau mtoto atafurahi," alisema.

"Atafurahi mpaka Machi. Halafu tutakuja tena na kopo jingine?"

Bi Joan si mtu mbaya. Alikaa juu ya kopo akajifuta paji la uso. Akasema shirika likigombana na wenye majengo halitaruhusiwa tena kuingia, na kuna watu wengi zaidi wanaohitaji msaada. Hoja yake niliielewa, ila sikuikubali. Kuna msaada unaomsaidia mkosaji kuficha kosa.

Kesho yake, nikiwa ndani ya gari naondoa foili madirishani, imelowa kama kawaida upande wetu, nikasimama nayo mkononi. Nikajiuliza: kama ukuta wa Mama Furaha unalowa kwa pumzi na sombe, basi foili ikibandikwa juu yake italowa upande wa chumbani, kama hii. Nikapanda ngazi. Tukaukausha ukuta kwa taulo, tukabandika kipande cha foili na kukifunga pande zote nne kwa utepe. Baada ya siku mbili tukakitazama. Upande wa chumbani palikuwa pakavu. Tulipoking'oa, maji yalitiririka kutoka nyuma yake. Maji yalikuwa yanatoka ukutani.

Afisa yule wa nyumba alikuja siku iliyofuata. Alikuwa kijana mpole, jina lake Colin, mwenye viatu visafi na haraka nyingi. Nilimwonyesha foili. Aliitazama kama mtu anayeonyeshwa mchoro wa mtoto. "Mama, kwa heshima zote, tatizo hapa ni namna ya kuishi." Kisha akamgeukia Mama Furaha, akamwambia atarudi wiki ijayo, ukuta ukiwa bado umelowa, ataandika kwamba ushauri haufuatwi, na malalamiko yake yatafungwa. Maana yake, ukuta haufunguliwi, na mtoto anabaki na kuvu yake.

Alipotoka, Hamadi, ambaye alikuwa amesimama kona moja, alisema, "Basi wasipike."

"Wale nini, Bwana?"

"Wapike kwetu. Garini. Tuone huyo bwana atasema nini."

Hivyo ndivyo gari letu lilivyogeuka jiko. Wiki nzima Mama Furaha hakuwasha moto ndani ya fleti yake, hata wa chai. Alikuwa akirudi kazini anashuka na mboga mkononi, na sufuria yangu ya shughuli ikapata shughuli. Siku ya kwanza alinong'ona, "Mama, nimetia samaki tu, si nyama, mutakula bila wasiwasi." Nilimkumbatia. Hamadi alijifanya kulalamika. "Gari langu lote linanuka kisamvu. Siku nikiliuza, mnunuzi atadai na wali."

"Baba, utaliuza kwa Mukongo," Mama Furaha akamjibu. "Ataongeza bei." Nilimsikia akicheka kwa furaha kwa mara ya kwanza.

Siku ya tatu harufu ilimshusha Bi Comfort, mama wa Kighana anayekaa ghorofa ya juu yake Mama Furaha. Alisimama mlangoni mwa gari, mikono kiunoni, akasema kwa Kiingereza: "Mbona mnapikia nje kama kuna msiba?"

Mama Furaha akainamisha kichwa. Aibu ilimshika. Mtu wa kwetu, mgeni akija, hufunika ubaya wa nyumba yake; ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, na kile kitenge kilikuwa adabu hiyo. Nikamwambia Bi Comfort mimi mwenyewe: ukuta wake umeoza, na wanasema ni kwa sababu ya mapishi.

Bi Comfort alishusha mikono. "Ukuta gani?"

"Chumba kidogo. Pembe ya dirisha, kushoto."

Akatuashiria tumfuate. Tulipanda mpaka kwake, akaingia chumba kidogo, akashika kabati la nguo akalisukuma kwa bega. Nyuma yake palikuwa na lami ile ile, kutoka darini hadi chini, pembe ile ile. "Waliniambia ni mchuzi wangu wa karanga," akasema taratibu. "Nikasema labda ni kweli. Nikaleta kabati."

Wanawake wawili, mmoja juu ya mwenzie, wanasalimiana ngazini kila siku, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake asiyejua kukaa ndani ya nyumba! Wamefanywa waone haya kwa ajili ya chakula walichofundishwa na mama zao.

"Juu yako anakaa nani?" Hamadi akauliza.

Ghorofa ya mwisho alikuwa Mzee Tunde, Mnaijeria mjane anayeishi peke yake. Alitukaribisha akiwa na kofia ya sufu. Pembe ya dirisha alikuwa amebandika kalenda za miaka mingi, moja juu ya nyingine, zote zimejikunja kwa maji. Ukuta wake ndio uliokuwa na maji kuliko yote. Nikachungulia jikoni. Palikuwa na birika la umeme tu.

"Baba, unapika nini?" Bi Comfort akamuuliza.

"Kupika?" Mzee alishangaa. "Tangu mke wangu afariki sipiki. Nakula kwa binti yangu, au nanunua chipsi."

Siku Colin aliporudi, tulimngoja ngazini sote: Mama Furaha, Bi Comfort, Mzee Tunde, Hamadi na mimi. Nyuma yetu alikuja mtu ambaye sikumtarajia, Bi Joan, mikono mitupu bila kopo. Ukuta wa Mama Furaha ulikuwa umelowa vile vile. Colin akafungua mdomo, na Mama Furaha akamtangulia, kwa Kiingereza chake cha polepole: wiki nzima hakupika hapa. Hata maji hakuchemsha. Waulize.

Tukampandisha kwa Bi Comfort. Kabati likasukumwa. Tukampandisha kwa Mzee Tunde. Kalenda zikashushwa. Colin akasimama mbele ya pembe ile ya tatu, akatazama darini, akatazama jiko lisilo na sufuria. Nikamuuliza kwa upole kabisa, "Na huyu, mwanangu, anapika nini?"

Akafikiri. Wallahi sijasahau jibu lake. Alisema: "Labda huwa anaoga maji ya moto sana."

Bi Joan, mama yule mtulivu, ndiye aliyelipuka. Alimwambia kwamba hataondoka kwenye ngazi zile mpaka aje mtu wa kufungua ukuta, na kwamba safari hii shirika lake halipaki hata inchi moja.

Mafundi walikuja, baada ya ofisi kusumbuliwa kila siku. Walipovunja plasta kwa Mzee Tunde wakakuta bomba la kuteremsha maji ya mvua kutoka paani, limepita ndani ya ukuta, na kiungo chake kimepasuka. Kila mvua ikinyesha, maji ya paa zima yalikuwa yanashuka katika pembe tatu zile. Bomba likabadilishwa, kuta zikaachwa zikauke, na hapo ndipo tulipofungua makopo ya rangi. Furaha alichagua rangi ya manjano, ya wale ndege wa kitenge. Alirudi kulala chumbani kwake sisi tukiwa bado tumeegesha chini, na asubuhi alishuka akatuambia, kwa Kiingereza chake, kwamba ukuta umepona. Yeye mwenyewe alikuwa bado anakohoa kidogo. Kifua hakikauki haraka kama plasta.

Hakuna mtu wa ofisi ya nyumba aliyemwomba radhi mama yake. Wala Bi Comfort hakuombwa, wala mzee. Si kwa simu, si kwa mdomo.

Tulirudi Wembley siku ya mvua, tukipita kwenye handaki chini ya mto. Hamadi alipunguza mwendo penye vituo vyote, nami sikumwambia kitu. Mama Furaha alikuwa amenifungia kile kitenge. Nilikikataa, akasema hana tena haja nacho ukutani, nikishone nguo. Nimekishona, na hukivaa nikienda na Bi Joan kwenye nyumba nyingine, maana sasa kabla ya kufungua kopo lolote anaomba kwanza kuona foili.

Nilichojifunza ni kwamba aibu ya mpangaji humfaa sana mwenye jengo. Kwa hiyo, ukiona unyevu kwako, fanya hivi. Kausha sehemu ya ukuta kwa taulo. Bandika kipande cha foili, ukifunge pande zote nne kwa utepe, uache siku mbili. Kikilowa upande wako, ni mvuke wa chumba: pasha nyumba moto, na upitishe hewa unapopika. Kikilowa upande wa nyuma, maji yanatoka ukutani, na sufuria yako haina kosa. Kisha, kabla hujapiga simu ofisini, panda ngazi, gonga mlango wa jirani wa juu, shuka, gonga na wa chini, na umwombe kila mmoja akuonyeshe pembe yake bila kitambaa.